Apepesukaye Si Lazima Awe Mlevi: Kitenzi ‘Stagger’ katika Kamusi na Tafsiri za Kiswahili, kwa Jicho la Msomaji wa Kigali

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna kitenzi cha Kiingereza ‘stagger’ kinavyopokewa katika kamusi na tafsiri za Kiswahili. Hoja yake ni kwamba mazoea ya kupanga visawe mfululizo bila kuonyesha tofauti zao yamevifanya vitenzi pepesuka, yumba, lewalewa na wayawaya vionekane kuwa kitu kimoja. Hasara ya mazoea hayo inaonekana wazi zaidi jijini Kigali, ambako wanafunzi wengi hukiendea Kiswahili kwa kupitia Kiingereza, ilhali Kinyarwanda wanachokizungumza nyumbani kina mgawanyo wake makini wa maana hizohizo.

Utangulizi

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka uliofuata serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na mwaka 2017 sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne kando ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mfuatano huu wa matukio umezaa msomaji wa namna yake. Si Mswahili wa pwani aliyeyapokea maneno kwa bibi yake, wala si mkaazi wa Nyamirambo na Biryogo, mitaa ambayo Kiswahili kilishikwa na jamii ya Waislamu na wafanyabiashara tangu zama za ukoloni. Ni kijana ambaye, akikwama katika matini ya Kiswahili, hufungua kamusi ya Kiingereza, na akitaka kuandika Kiswahili hufanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili. Kwake yeye kamusi ya lugha mbili ndiye mwalimu wa kila siku. Makosa ya mwalimu huyo, kwa hiyo, hayabaki katika rafu za maktaba.

Neno linalochunguzwa hapa ni dogo. Halimo katika istilahi za sayansi wala za sheria, na pengine ndiyo sababu halijapata mjadala. Hata hivyo linahusu tendo ambalo binadamu hulitenda mwanzoni mwa maisha yake, hulirudia uzeeni, na katikati hulitenda kwa ugonjwa, njaa, uchovu, huzuni, mzigo au kileo. Namna lugha inavyomtaja mtu asiyeweza kusimama imara ina hukumu ndani yake, na hukumu hiyo ndiyo kiini cha uhakiki huu.

Kitenzi na ndugu zake

‘Stagger’ kina asili yake katika lugha ya kale ya Skandinavia, katika neno lililomaanisha kusukuma au kumfanya mtu ayumbe. Picha iliyo chini yake, basi, ni ya mtu aliyesukumwa. Kutoka hapo kikapanuka: pigo au habari inaweza ‘kumsukuma’ mtu mpaka apigwe na butwaa, kiasi cha fedha kinaweza kuwa kikubwa hata kikamduwaza asikiaye, na vitu vinavyopangwa visiangukie mstari mmoja au saa moja vikaelezwa kwa kitenzi hichohicho. Kiingereza pia kimekizungushia ndugu wengi: ‘totter’ kwa mzee au ukuta unaokaribia kuanguka, ‘toddle’ kwa mtoto, ‘reel’ kwa mwenye kizunguzungu, ‘lurch’ kwa anayeinama ghafla upande mmoja. Mwandishi wa kamusi ya Kiingereza hana shida ya kuwatenganisha, kwa kuwa kila mmoja anapewa kidahizo chake.

Shida huanza maneno haya yanapovushwa. Tangu kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, kupitia kazi za Madan mwishoni mwa karne hiyo hadi kwa Johnson mwaka 1939 na kamusi za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, mtindo mkuu wa kamusi za lugha mbili umekuwa kuorodhesha visawe na kuvitenga kwa koma. Koma hiyo ndogo ina kazi kubwa kuliko inavyostahili. Haisemi kama neno la pili ni sawa na la kwanza, ni pana zaidi, ni la dharau, au hutumika kwa chombo badala ya mtu. Msomaji huachiwa achague, naye hana msingi wa kuchagulia.

Hebu vitazamwe vyenyewe. Pepesuka kina mzizi unaosikika pia katika pepea, pepeta, peperusha na upepo. Mtu anayepepesuka ni mtu anayechukuliwa na upepo hata kama hakuna upepo. Kiambishi -uk- kilichomo ndani yake kinapatikana pia katika anguka, teguka na popotoka, vitenzi ambavyo mtendwa na mtendaji wake ni mtu mmoja: jambo humpata, halitokani na kusudi lake. Kwa maumbo yake tu, basi, pepesuka kinamtetea mhusika. Kinasema kwamba mwili wake umekuwa mwepesi kama kapi, na hakitaji sababu. Mgonjwa aliyeamka kitandani baada ya siku tatu za homa hupepesuka. Aliyeshinda na njaa hupepesuka. Mlevi naye hupepesuka, lakini kwa haki sawa na wenzake.

Yumba ni kitenzi cha vitu vilivyosimama au vinavyoelea: mnazi, mlingoti, mashua, daraja la kamba. Kina mwendo wa kwenda na kurudi, na si lazima kiwe na hatua za miguu. Mwendesha baiskeli anayepanda mteremko wa mawe wa Kimihurura, ule ambao mashindano ya dunia ya Septemba 2025 yaliufanya maarufu hata kwa wasioijua Kigali, huonekana akiyumba juu ya tandiko lake. Akishindwa akashuka, akaanza kwenda kwa miguu iliyokufa ganzi, hapo ndipo anapopepesuka. Mtu mmoja, kilima kimoja, vitenzi viwili; na mzawa wa lugha asingevibadilishana kwa urahisi. Kwa kuwa yumba ni kitenzi cha kilichotarajiwa kusimama wima, kimekuwa pia kitenzi cha siasa na uchumi: biashara huyumba, ndoa huyumba, kiongozi mwenye msimamo wa kuyumbayumba hulaumiwa. Hoja hii ya lawama itarejewa baadaye, kwa sababu ina uzito Kigali kuliko mahali pengine.

Lewalewa ni habari nyingine. Chombo baharini huweza kusemwa kinalewalewa, na hapo hakuna pombe. Lakini kitenzi hicho kikitumiwa kwa mtu, msikilizaji hawezi kuliondoa sikioni neno lewa. Ushahidi umekwisha kutolewa kabla shahidi hajaulizwa. Sepetuka, ambacho leo husikika kwa nadra, kinaelekea upande huohuo. Na nje kabisa ya orodha nyingi za ‘stagger’ wamo wale ambao wangestahili kuwamo: jikongoja, kitenzi cha mnyonge na mzee, kilicho jamaa ya jina la fimbo yake, mkongojo, kwenda tata, mwendo wa mtoto anayejifunza, kusimama dede, hatua inayoutangulia mwendo huo, tetereka, kwa mguu uliokosa pa kushika. Chechemea nacho mara nyingine hutupwa katika kundi hili kimakosa, ingawa anayechechemea anaweza kuwa imara kabisa katika kuchechemea kwake.

Mlevi wa kamusi

Ukizisoma kamusi kwa pamoja, unapata picha ya ulimwengu ambamo mtu mmoja tu ndiye asiyeweza kutembea sawasawa, naye ni mlevi. Mfano wa matumizi ukitolewa, atatokea yeye. Fasili ikitafuta mfanano, itasema ‘kama mlevi’. Ni kweli kwamba mlevi ni mfano mwepesi, anayejulikana kila kijiji, na mtunzi wa kamusi huhitaji mifano myepesi. Lakini mfano ukirudiwa kwa miaka mia moja huacha kuwa mfano na kuwa sehemu ya maana.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Katika vituo vya afya nchini Rwanda huhudumiwa pia wakimbizi kutoka Burundi na mashariki ya Kongo, na kwa baadhi yao Kiswahili ndicho daraja kati yao na mhudumu. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka sana mwilini huweza kuonekana kama aliyelewa: ulimi mzito, jasho, miguu isiyotii. Mwenye ugonjwa wa sikio la ndani hali kadhalika, na pia aliyepata madhara katika sehemu ya ubongo inayosimamia usawa wa mwili. Mkalimani akisema ‘alikuja akilewalewa’ pale ambapo jamaa wa mgonjwa walisema tu kwamba hakuweza kusimama, ameandika uchunguzi wa daktari kabla ya daktari. Akisema ‘alikuja akipepesuka’, ameeleza alichoambiwa na kuacha sababu itafutwe. Vivyo hivyo katika maelezo yanayoandikwa baada ya ajali ya barabarani, ambako neno moja la aina hii linaweza kumfuata mtu mpaka mahakamani.

Kamusi zilizosheheni koma hazimwonyi mkalimani huyo. Na hapa lawama isitupwe kwa watunzi wa zamani peke yao. Johnson na wenzake walikusanya msamiati kwa vifaa vya zama zao. Waliokuja baadaye walikuwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na matoleo yaliyoifuata, ambayo ni ya lugha moja na yangeweza kuwa kipimo cha kuzirekebisha zile za lugha mbili. Warithi waliurithi mtindo pamoja na mali.

Machela ya nabii

Ajabu ni kwamba mahali ambapo vitenzi hivi vimetumiwa kwa uangalifu mkubwa kuliko katika kamusi ni katika matini ambayo wanakamusi wenyewe waliijua vizuri, yaani Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952. Katika Zaburi ya 107, aya ya 27, wasafiri wa baharini wanapigwa na tufani. Mwandishi wa zaburi anatumia vitenzi viwili, na watafsiri wakampa viwili: yumbayumba kwanza, kisha pepesuka. Mpangilio huo una mantiki. Aliye ndani ya chombo huyumba pamoja nacho kwanza, ndipo anapojaribu kusimama akapepesuka kwa miguu yake. Mlevi anatajwa katika aya hiyo, lakini kama mfanano ulio wazi, nje ya kitenzi. Kwa maneno mengine, watafsiri hawakumficha mlevi ndani ya neno.

Katika Isaya 24, aya ya 20, hali ni tofauti na uamuzi ni tofauti. Dunia yenyewe ndiyo inayoyumba, na matini inamtaja mlevi mara moja. Hapo watafsiri wakachagua lewalewa, na kitenzi kikaoana na nomino kwa sauti na kwa maana. Kisha wakafuatisha wayawaya na mfano wa pili: machela. Matini ya Kiebrania ina kibanda cha mlinzi wa shamba, kile kinachotikiswa na upepo baada ya mavuno. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki aliyajua machela, kitanda cha kamba au nguo kilichoning’inizwa kwenye mti na kubebwa mabegani na wapagazi, nayo huyumba kwa kila hatua ya wabebaji.

Wapo watakaosema kwamba watafsiri walivuka mpaka, kwa kuwa kibanda si machela. Pingamizi hilo lina haki yake, maana kibanda kilichoachwa kina upweke ambao machela hayana: machela yana watu chini yake. Hata hivyo kwa suala la mwendo peke yake, uteuzi ulikuwa wa mtu anayeona anachokitafsiri. Msomaji wa Rwanda anaongeza jambo ambalo watafsiri hawakulikusudia. Leo machela kwa Kiswahili ni kitanda cha kubebea mgonjwa, na kwa Mnyarwanda picha ya kwanza itakayomjia ni ingobyi, kitanda cha kusuka ambacho wanaume wa kijiji walimbebea mgonjwa au mzazi kushuka milima hadi penye matibabu. Dunia ya nabii, kwa msomaji huyo, inakuwa mgonjwa anayebebwa mteremkoni. Hakuna kamusi itakayompa usomaji huo, lakini kamusi nzuri isingemzuia kuufikia.

Mifano miwili zaidi inatosha. Katika Isaya 29, aya ya 9, nabii anawasema watu waliolewa bila mvinyo na wanaopepesuka bila kileo. Aya hiyo pekee ingetosha kumfundisha mwanakamusi kwamba tendo na sababu yake ni vitu viwili. Na katika Waraka kwa Warumi, sura ya 4, aya ya 20, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia ‘stagger’ kwa maana ya kusitasita mbele ya ahadi. Watafsiri wa Kiswahili hawakumfanya Ibrahimu apepesuke. Waliandika kwamba hakusita. Walitambua kuwa kitenzi cha Kiingereza kilikuwa kimeacha miguu na kuingia moyoni.

Saa za kupishana

Maana ya kupanga vitu visigongane inaweza kupitiwa haraka, kwa kuwa hapa Kiswahili hakina upungufu ila kamusi ndizo zenye uvivu. Kuanzia Januari 2023 nchini Rwanda shule zinaanza saa 2:30 asubuhi na saa za kazi za ofisi zinaanza saa 3:00. Kiingereza kingeuita mpango wa namna hiyo kwa kitenzi kinachochunguzwa hapa. Kiswahili kina pishanisha, neno jepesi, la Kibantu, linaloeleweka na kila dereva wa basi. Hata hivyo mara kwa mara hukutwa maelezo marefu ya ‘kupanga kwa zamu’, ambayo si sahihi: zamu ni kupokezana, na wanaopishana hawapokezani chochote. Kwa kiasi cha fedha kinachoduwaza, kivumishi cha kushangaza kinatosha, na hakuna sababu ya kukitafutia sitiari ya miguu.

Vitenzi vya nyumbani

Kazi iliyo ngumu iko upande wa pili wa daraja. Mwanafunzi wa Kigali haji mikono mitupu. Ana kudandabirana, mwendo wa asiyeweza kushika njia. Ana gucumbagira, kuchechemea. Ana gutaguza, hatua za kwanza za mtoto. Ana gusitara, kujikwaa. Mgawanyo huu unakaribiana na ule wa Kiswahili kuliko wa Kiingereza unavyokaribiana na chochote kati yao. Kama angeongozwa kutoka gutaguza kwenda kwenye tata, na kutoka gucumbagira kwenda kwenye chechemea, asingehitaji kupita London. Badala yake anarudishwa kwenye ‘stagger’, ambako njia zote zinakutana na alama zote zinafutwa.

Mitego ipo, na ni ya kupendeza. Gusitara ya Kinyarwanda inafanana kwa sauti na sitara ya Kiswahili, ambayo ni kitu cha kumfunika mtu aibu yake. Anayejikwaa hadharani ndiye hasa aliyeikosa. Mlevi kwa Kinyarwanda ni umusinzi, na sikio la Mswahili litamdhani mtu anayesinzia. Mwalimu anayejua lugha zote mbili huyageuza haya kuwa somo la dakika kumi lisilosahaulika.

Kuna neno moja lakini ambalo halifai kufanyiwa mzaha. Guhungabana ni kutikisika, kukosa uthabiti. Usalama wa nchi huweza kuhungabana, na aliyeuvuruga akasemwa ameuhungabanya. Kutoka katika kitenzi hicho imetoka ihungabana, istilahi inayotumika Rwanda kwa jeraha la nafsi, hasa lile la manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, linaloamka kila Aprili kumbukumbu zinapoanza. Lugha imelichukua neno la kitu kinachotikisika na kulipa kazi ya kumtaja mtu ambaye ardhi ya ndani yake haijatulia.

Mfasiri wa Kiswahili akikutana nalo, ana kiwewe mkononi, neno ambalo limekwisha kukubalika katika maandishi ya afya ya akili. Kiwewe kinafaa kwa daktari. Lakini katika mazungumzo ya kawaida neno hilo hubeba maana ya fadhaa ya ghafla, ya mtu asiyejua aelekee wapi kwa wakati ule. Halisemi kitu kuhusu kilichodumu miaka thelathini. Mfasiri anayetaka kurudisha picha ya Kinyarwanda atavutwa na yumba, kwa kuwa ndicho kitenzi cha kwanza kinachomjia. Hapa ndipo lawama iliyotajwa mwanzoni inapokuwa na gharama. Kwa Kiswahili cha leo aliyeyumba mara nyingi ameshindwa kusimama pale alipopaswa kusimama: mwanasiasa, mume, mcha Mungu. Kusema manusura ‘ameyumba’ ni kumtwika udhaifu ambao ihungabana haimtwiki. Pepesuka hakina lawama hiyo, lakini ni cha miguu mno.

Tikisika kinakaribia zaidi. Umbo lake linamwacha mhusika akiwa aliyepatwa na jambo. Kinakubali vitu vizito kama nyumba na milima. Na hakimaanishi kuanguka. ‘Ushuhuda huo ulimtikisa tena’ ni sentensi ambayo Mswahili wa Tanga ataielewa bila maelezo, na Mnyarwanda atalisikia ndani yake neno lake. Nomino ndiyo inayosumbua. Mtikisiko tayari umechukuliwa na tetemeko la ardhi na misukosuko ya masoko, na bila nyongeza utasikika kama habari za fedha. ‘Mtikisiko wa nafsi’ unaweza kusimama, ingawa ni mrefu kwa kidahizo na utahitaji kuzoewa. Mpaka utakapozoewa, mfasiri wa ushuhuda atafanya vyema kuandika ihungabana kama ilivyo pale inapotokea mara ya kwanza, aifafanue kwa kitenzi tikisika, na kuendelea na kitenzi hicho katika kurasa zinazofuata, akikiacha kiwewe katika cheti cha hospitali.